Muhuri wa Dukani Kwangu

Mwanangu Rehema,

Umetoka na mama yako kwenda Unyankindi kumuaga bibi, nami nimepata mwanya. Nimefunga duka kabla ya alasiri, jambo ambalo majirani wataliongea, maana tangu nilifungue sijalifunga mchana isipokuwa kwa msiba. Wakiniuliza nitawaambia kuna msiba. Sitakuwa nimedanganya sana.

Habari za maji ya kuchemsha, za kutompa mtu begi akushikie, za kutokula vya watu kwenye gari, mama yako amekwisha kuzisema mpaka umeanza kuitikia kabla hajamaliza. Mimi sina la kuongeza hapo. Nataka kuzungumza nawe habari za shangazi yako Mwajuma, kwa sababu tangu tumzike hujaniruhusu. Nikianza tu unainuka. Juzi nilipolitaja jina lake uliacha ugali wa uwele sahani nzima, na mlenda wake, ukaenda kukaa uani peke yako. Karatasi huwezi kuikatisha katikati ya neno. Ukiinuka itakusubiri.

Jana nilikusikia ukiongea na mama yako jikoni. Nyumba yetu unaijua, ukuta wake hauna siri. Ulisema ukifika Dar es Salaam utakaa kwa mjomba wako ujifunze kushona, na wale vijana wa sheria waliokuita ukawaandikie kurasa zao za mtandao utawaambia umeghairi. Ulisema hutaandika tena hata mstari mmoja kuhusu haki ya mtu yeyote. Mama yako alipokuuliza kwa nini, ulimjibu, "Niliandika, shangazi akafa." Basi hayo ndiyo yaliyonifanya nifunge duka.

Nianze mbali kidogo. Unanijua, kufupisha sijui.

Nilipokuwa mtoto, babu yako alikwenda Iguguno kwa shemeji yake akapewa gunia la mahindi. Mwaka ule mjini kulikuwa na njaa. Njiani akasimamishwa kwenye kizuizi. Kibali cha kusafirisha mahindi anacho, kimeandikwa vizuri, jina lake lipo, ila hakina muhuri, kwa sababu aliyekiandika alikuwa amefungiwa ofisi na mwenye funguo alikwenda kwenye mkutano. Gunia likabaki pale. Mzee akarudi kwa miguu, akaketi mlangoni, akasema, "Mahindi yalikuwa yangu, lakini hayakuwa na muhuri." Tulilala na uji mwepesi. Mimi na shangazi yako tulikuwa tumekaa mkeka mmoja, na maneno yale yaliingia kwetu sote wawili, hakuna aliyesalimika.

Ndiyo maana biashara zilipofunguliwa, kila mwenye uwezo akaruhusiwa kuuza, nami nikaacha ukarani wa lile duka la serikali ambalo kazi yangu kubwa ilikuwa kuwaambia watu sabuni hakuna, kitu cha kwanza nilichotengenezesha hakikuwa kibao cha mlangoni. Kilikuwa muhuri. Mviringo, wino wa bluu, jina la duka limezunguka, sanduku la posta katikati. Nilikuwa na madaftari ya kuhesabika kwenye rafu, lakini muhuri ninao. Watu wa vijijini wakija kupiga fotokopi wakauona, wakaanza kuniita mheshimiwa. Nikasahihisha? Sikusahihisha.

Na wewe ulipokuwa bweni nilikuandikia barua, na kila barua nikaipiga muhuri chini ya jina langu. Wenzako walikucheka mpaka ukaniandikia, "Baba, mimi si mteja." Nilicheka, nikamsomea mama yako, halafu nikaendelea kupiga. Nilidhani barua ya baba yenye muhuri ina uzito zaidi kuliko isiyo nao.

Ulipomaliza kidato cha sita ukarudi nyumbani, nilikuwa nimeshaingiza zile kompyuta mbili za mtumba na kuziunga kwenye waya wa simu. Nilitegemea vijana wa mpira, na wale wanaotafuta wachumba wa Ulaya, nao kweli walikuja. Sikutegemea kwamba wewe ungekaa pale kila jioni watu wakiondoka, unangoja ukurasa mmoja ufunguke polepole kama mtu anayengoja maharage yaive, unasoma sheria. Ulisema, "Baba, mambo yote haya yapo, na yameandikwa Kiingereza tu. Nani wa hapa atayajua?" Ukaanza kuyaweka kwenye Kiswahili. Mirathi, ardhi, mtu akikamatwa afanye nini, mke akipigwa aende wapi.

Nilizipenda jioni zile, mama. Naweza kukuambia sasa. Ulikuwa unanisomea, unauliza, "Neno hili mtu wa Ihanja ataelewa?" Nikisema hataelewa unakunja uso, unafuta, unaanza upya. Tuligombana sana juu ya maneno. Siku wale vijana wa Dar walipoweka kazi yako kwenye tovuti yao, ukaniita nione maneno yako mwenyewe kwenye kioo, mahali ambapo mtu wa Mwanza au wa Bukoba angeweza kuyasoma saa ile ile, nilitoka nje nikajifanya napanga mifagio. Hapakuwa na mifagio ya kupanga. Nilikuwa nalia.

Ila Ihanja, kijijini kwa shangazi yako, hakuna kompyuta, kwa hiyo ukachapa. Tukapeleka karatasi zile mnadani. Shangazi yako alikaa nazo pale penye matenga yake ya kuku, akawa anampa kila mwanamke anayepita. Wiki iliyofuata tukazikuta zimefungia karanga na ugoro. Shangazi mwenyewe ndiye aliyetuambia, akicheka lile cheko lake la kuziba mdomo: "Kaka, wanasema haina muhuri. Wanasema ni tangazo la dawa ya kunguni."

Mimi nikajua dawa yake.

Unakumbuka ulivyosimama mbele ya meza yangu. Ulisema, "Baba, usipige. Watadhani imetoka serikalini."

Nikakujibu, "Na wakidhani, wanapungukiwa nini?"

"Watakaa nayo, Baba. Watadhani imemaliza kazi."

Nikasema, "Mama, wewe soma vitabu, watu niachie mimi." Nikazipiga zote. Nafasi iliyokuwepo ilikuwa chini tu, na chini kabisa ulikuwa umeandika kwa maneno yako mwenyewe, hukuyatoa popote: "Karatasi hii si amri. Ukifiwa usikae nayo nyumbani. Nenda mahakama ya mwanzo mapema, pamoja na mtu unayemwamini." Nilikandamiza juu yake. Wino ulikuwa mpya, mzito. Wenzetu wa vijijini msomaji akifika kwenye muhuri hunyamaza, muhuri ndio mwisho wa maneno, kinachofuata ni kukunja na kuweka mahali salama. Hakuna aliyejaribu kusoma kilichokuwa chini yake.

Mnadani zikagombaniwa. Nikarudi nyumbani nimevimba kichwa, namwambia mama yako, kijana amesoma lakini mzee ameishi. Loo. Mwenyezi Mungu ana namna yake ya kumsikiliza mtu anayejisifu.

Haukupita msimu, shemeji Athumani akafa. Shangazi yako hakuwa na mtoto aliyebaki hai, unajua, aliyekuwa mtoto wake ni wewe, likizo zako zote ulizimalizia kwake. Akakaa eda kwenye ile nyumba waliyoijenga pamoja, udongo wake amekanyaga yeye. Njiku, mdogo wake marehemu, alikuwa anakuja kila asubuhi kumsabahi, "Shikamoo shemeji," kwa adabu kabisa, halafu anapitia shambani kwenye alizeti na kuangalia mipaka. Mimi nilikuwa nakwenda kila Ijumaa. Kila nikienda shangazi yako anajipapasa pindo la kanga, anasema, "Kaka, usiniwazie, mimi nina hati yangu." Nami nilijua ile karatasi niliyoipiga muhuri si hati. Nilijua. Nikasema moyoni, mwanamke yuko kwenye eda, amechoka, mwache apumzike kwa amani, akitoka tutampeleka mahakamani. Nilimwonea huruma kwa namna ya kijinga.

Wewe uliniuliza. Hili nataka liandikwe hapa ulione kwa mwandiko wangu. Uliniuliza, "Shangazi amekwenda mahakamani?" Nikasema yuko eda. Ukauliza tena siku nyingine, ukasema kwa jambo la lazima anaruhusiwa kutoka, ukataka kwenda mwenyewe Ihanja ukamwambie. Nikakukatalia. Nilisema mtoto wa kike hapeleki habari za mirathi kwenye nyumba yenye msiba, watu watasema tumekutuma, watasema tunahesabu mali kaburi halijakauka. Ukatii. Sasa unajilaumu kwa kutii. Rehema, utii ule nilikulea nao mimi, kwa ukali, miaka yote, na nilikuwa najivunia mbele za watu. Usijipige kwa fimbo niliyoichonga mimi.

Eda ilipokwisha tukaitwa kwa mtendaji wa kijiji. Hukuwepo, ulikuwa dukani, na mimi sijawahi kukusimulia yote. Njiku alikuja na karatasi ya mahakama. Ukoo ulikuwa umekaa kikao, yeye ndiye msimamizi wa mirathi, ametangazwa, muda wa kupinga umepita na hakuna aliyepinga. Nyumba na mashamba yamerudi kwenye ukoo. Shangazi yako amepewa godoro, vyombo na kuku wake. Njiku alisoma bila kupaza sauti, kama mtu anayesoma risala ya harusi.

Shangazi yako akasimama. Hakuwa na wasiwasi. Akafungua pindo la kanga, akatoa ile karatasi, imekunjwa mpaka inataka kukatika, akampa mtendaji kwa mikono miwili. Mtendaji akasoma. Akaigeuza. Akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akasema, naye hakusema kwa ubaya, "Mama, huu muhuri ni wa duka la madaftari."

Wakacheka. Si wote, ila waliocheka walitosha.

Shangazi yako akanigeukia. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, kwenye kiti, mwenye muhuri. Angenikasirikia ningeweza kuvumilia. Hakunikasirikia. Aliniangalia kama tulivyokuwa wadogo akiulizwa swali na mzee, analijua jibu lakini anataka kaka yake aseme kwanza. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Mpaka leo sijui kwa nini sikusimama nikasema, karatasi hii haina amri lakini maneno yake ni ya kweli, mwanangu ameyaandika, na kosa ni langu. Kusema tu. Kusingemrudishia nyumba, lakini asingesimama pale peke yake.

Wale vijana wako wa Dar walijibu barua pepe yako wakasema bado kuna njia, aombe mahakama isikilize upya. Uliruka kwa furaha. Ukamwambia. Shangazi yako akasema, "Mwanangu, mimi nimeshachekwa mara moja, inanitosha." Akahamia chumba chetu cha nyuma na matenga yake, na kuku wake wakaanza kufa mmoja mmoja kwa kuhama, naye akawa anawafuata. Hospitali walisema ni presha. Walisema walichoweza kukipima.

Sasa hapa ndipo ninapopataka, na ndipo unapoinukaga.

Siku chache kabla hajatutoka, wewe ukiwa dukani, aliniomba nimsomee ile karatasi. Aliitoa chini ya mto. Nikamsomea mpaka kwenye muhuri, nikasimama. Akasema, "Chini ya muhuri pameandikwa nini?" Nikamwambia hapasomeki. Akasema, "Kwenye ile mashine yenu panaonekana?" Nikaja dukani, nikakudanganya kwamba nataka kuangalia bei ya vitunguu, nikaufungua ukurasa wako nikaandika maneno yale kwenye kiganja, wino wa kalamu, kama mtoto anayeiba majibu ya mtihani. Nikarudi nikamsomea. Karatasi hii si amri. Ukifiwa usikae nayo nyumbani.

Halafu akasema, "Kumbe mtoto alisema."

Nikasema, "Alisema."

"Basi mtoto hana kosa. Umwambie."

Mimi hakuniambia kitu. Aliomba maji, nikampa, akanywa. Nimesubiri tangu siku ile nikupe maneno yako, na kila nikifungua mdomo unaondoka. Ni yako, si yangu. Mimi sikupewa yoyote.

Kuna jingine nililokuficha. Baada ya arobaini alikuja dukani mama mmoja wa Ihanja, Mama Hawa, yule aliyekuwa anauza viazi jirani na matenga ya shangazi. Mume wake alikuwa amezikwa wiki ile. Wifi zake wameanza kuhamia. Akaniuliza, "Yuko wapi yule binti anayesoma sheria?" Ulikuwa umelala, ni kile kipindi ulikuwa unalala mchana kutwa. Nilitaka kumwambia mama, nenda, hapa tumeshaua mtu. Wallahi maneno yalikuwa mdomoni. Lakini alisimama tu, mkono umeshika pindo la kanga, na pindo halina kitu.

Nikamketisha mbele ya kompyuta. Waya wa simu ulikata, tukangoja. Ulipofunguka nikamsomea ukurasa wako wote, mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na ule wa mwisho nikamsomea mara mbili. Akasema, "Nipatie hiyo karatasi."

Nikamwambia, "Sichapi."

"Kwa hiyo sina muhuri?"

"Huna."

"Sasa wataniamini kwa lipi?"

Nikamwambia tutakwenda wenyewe. Nikafunga duka, ndiyo, nilikudanganya hapo juu, niliwahi kulifunga mchana bila msiba. Tukaenda mahakama ya mwanzo, tukakaa kwenye benchi na watu wengine mpaka jua likageuka. Karani akatuambia turudi Jumatatu. Tumerudi Jumatatu, na Jumatatu nyingine. Bado hawajaamua. Njiani mwanamke yule anarudia maneno yako kwa sauti ndogo, hajui kusoma, ameyashika yote kichwani. "Hakuna anayeruhusiwa kumtoa mtu ndani ya nyumba yake kwa nguvu kabla mahakama haijamsikiliza." Anayasema kama mtu anayejikumbusha njia. Huenda akashindwa, sikufichi. Lakini bado yumo ndani ya nyumba yake.

Sikuandikii haya ili nikulazimishe. Nimekulazimisha vya kutosha, na umeona matunda yake. Kushona ni kazi ya heshima, na ukishona nitatembea kifua mbele na shati lako. Lakini kama unaacha kwa sababu unaamini maneno yako yalimuua shangazi, basi unaacha kwa jambo lisilo la kweli. Maneno yako yalikuwa chini, yamekaa sawasawa. Aliyeyafunika unamjua.

Na ukiandika tena, siwezi kukufundisha kitu kuhusu sheria. Nakuomba tu umwombe mtu atakayesoma asisome peke yake, aende na mwenzake. Hilo nimelijifunza kwenye benchi ya mahakama, nimechelewa.

Kesho gari litapita Ihanja kungali na ubaridi. Nyumba ya shangazi yako itakuwa upande wa kushoto, baada ya mashine ya kukamua alizeti. Wamepaka mlango rangi nyingine. Ukiweza, angalia. Ukishindwa inama ujifanye unafunga kiatu, mimi hufanya hivyo kila nikipita na Mama Hawa. Nyumbani patakuwa kimya sana, mama. Sijui nitamuuliza nani neno hili lina maana gani.

Nasikia sauti ya mama yako kwenye kona, mmesharudi. Barua hii nitaiweka ndani ya begi lako, chini ya kanga ya shangazi, maana nimeona umeipakia. Barua zote nilizokuandikia maishani nilizipiga muhuri. Hii nimeshika muhuri mkononi, nimeurudisha mezani. Soma mpaka chini kabisa. Hakuna kilichofunikwa.

Baba yako.